Kompyuta Chini ya Kitambaa

Siku mama yake Minza alipokuja kutoka Mwandoya, Josia, mume wa Minza, alimsimamisha mlangoni na kumwomba avue ndala, eti vumbi lisiingie kwenye kompyuta. Mkwe kumvua mkwe viatu! Mama wa watu, aliyesafiri kutwa nzima juu ya lori la pamba, akaingia peku kwa heshima ya sanduku. Minza alizitazama zile ndala zikiungua juani, moyo ukamchemka. Tangu siku hiyo hakuificha tena dharau yake.

Josia alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika hapo Bariadi mpaka biashara huria ilipobisha hodi. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na malori yao, ushirika ukapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Kiinua mgongo chake hakikumwinua hata shingo. Akaongezea cherehani ya mkewe, akaiuza bila kumuuliza, akarudi kutoka Mwanza na kompyuta iliyochokwa na ofisi moja ya wafadhili.

"Dunia imegeuka, mama Kabula," alisema. "Anayeijua hii halali njaa."

"Cherehani ilitulisha," Minza alimjibu. "Hii inakula umeme tu."

Na umeme wenyewe ulikuwa wa kuombaomba, waya uliovutwa kutoka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Jirani akisaga, kompyuta inaamka. Mahindi yakiisha, inakufa. Minza aliijua ile kompyuta kiungo kwa kiungo, kama mtu anavyomjua mke mwenza. Ilikuwa na vinywa viwili vya kumezea disketi: cha kwanza kiliilisha akili kila asubuhi, maana usiku ilisahau kila kitu, cha pili kilitunza maandishi. Ikizinduka, jambo la kwanza ni kuuliza leo tarehe ngapi, kama mgonjwa wa malaria. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza kasi. Sasa ng'ombe gani huyo anayengoja kubonyezwa ndipo akumbuke kutembea? Kioo chake hakikujua rangi nyingine ila kijani. Na mbele, kichekesho cha vichekesho, palikuwa na tundu la ufunguo, na Josia aliufunga ule ufunguo kiunoni. Nani aibe mzigo usiobebeka?

Basi zikaja habari kwamba bwana Selestini, meneja wa kinu kipya cha pamba kule Maswa, anatafuta karani wa kompyuta, na kwamba atapita Ijumaa kumwona Josia akifanya kazi. Josia akiipata kazi hiyo, njaa imepita mbali. Akiikosa, jembe linamngoja kwa baba yake. Hilo Minza alilielewa bila kuelezwa. Pamoja na dharau yake yote, alichinja jogoo, akapiga deki, na akatoa kitambaa chake kikubwa cha kufuma, kilichopigwa wanga mpaka kikasimama chenyewe. Nyumba ya Minza haikupokea mgeni na kitu kikiwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa. Akakitandaza juu ya kompyuta, kikafunika kioo na boksi hadi mgongoni, pale feni inapopumulia.

Mgeni alipopiga hodi, mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa. Josia aliamini ipashwe moto kwanza, kama lori la zamani. Alikuwa amewahi kumwonya mkewe asiifunike ikiwa inawaka, lakini mbele ya mgeni aliona nakshi tu, akaona fahari.

"Mwadila, mayu," Selestini alimsalimu Minza kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibu chakula."

Mgeni haulizwi shida kabla ya kula. Wali ukaliwa, jogoo akaliwa, chai ikafuata, bei ya pamba ikalalamikiwa. Josia alipokifunua kitambaa hatimaye, joto liliwapiga usoni kama la tanuri. Maandishi ya kijani yalitetemeka, yakasinyaa katikati ya kioo, yakazimika. Harufu ya waya uliopata moto ikajaa sebuleni.

Selestini alicheka mpaka akashika meza. "Ndugu yangu, hili ndilo lililonivua viatu mlangoni? Halina hata diski ya ndani! Kwetu ofisini la namna hii tunazuilia mlango."

Josia aliinamisha kichwa. Ajabu, kicheko kile kilimchoma Minza mwenyewe. Maneno yale alikuwa ameyasema yeye, tena makali zaidi, lakini yalikuwa maneno ya mwenye nyumba. Mpita njia ameyapata wapi? Alimwona huyu mtu, mchuzi wa jogoo wake ukiwa bado kwenye masharubu, akamdharau kuliko alivyowahi kuidharau mashine.

"Kosa si lake wala si la kompyuta," alisema. "Kitambaa ni changu. Imekosa hewa. Ikipoa itaamka. Wewe kaa, bosi, unywe chai nyingine. Hiyo yenu ya ofisini ina ufunguo?"

"Haina," Selestini alikiri.

"Basi."

Alikaa. Minza akaipepea mashine kwa ungo, kama anavyopepewa mzazi, jasho likimtiririka. Ilipozinduka na kuuliza tarehe, nusura apige kigelegele. Josia akaketi, mgeni akamsomea barua ya kupiga chapa, na vidole vya Josia vikaruka juu ya vitufe bila kukosea, miaka yake yote ya kupiga chapa ikanyesha pale kama mvua ya mawe.

"Nimekuchukua," Selestini alisema. "Jumatatu uwe Maswa. Mashine mpya zipo."

"Na hili?"

"Litupe, bwana!"

Josia akacheka. Akacheka kicheko kilekile cha mgeni, kirefu, na kulipiga boksi teke dogo. "Takataka hili! Mimi nililinunua la kujifunzia tu, bosi. Nilijua toka mwanzo."

Wakatoka wakiwa wameshikana mikono. Mgeni husindikizwa na mke na mume mpaka njiani. Ndivyo Minza alivyolelewa, na hakuwahi kukosa. Alibaki na ungo mkononi mbele ya kile kioo cha kijani.

"Mama Kabula! Njoo umuage bosi!"

Nje gari liliwashwa. Josia akaita tena, kwa sauti ya mtu mwenye kazi. Minza akavuta kiti, akaketi.