Ngazi Isiyo na Doa

Profesa alichukia uchafu wa kila namna. Watu wa maabara walimpa jina la Bwana Sabuni, naye alipolisikia alidhani anasifiwa. Mgeni akishika kitasa cha ofisi yake, kitasa kilipanguswa kabla mgeni hajamaliza korido.

Kilichompa ukubwa ni minyororo ya molekuli yenye umbo la ngazi: nguzo mbili za atomi, na vipago katikati. Elektroni hupanda kwa nguzo hii au ile, nyingine huvuka kwenye vipago, na hapo umeme unapita. Sampuli yake ya kwanza ilipitisha umeme vizuri hadi akawa haishi kualikwa mikutanoni. Ila hapa na pale atomi ngeni ilikuwa imejipenyeza kwenye nguzo mojawapo, na jambo hilo lilimnyima raha. Akaapa kutengeneza ngazi isiyo na hata atomi moja ya kuokoteza.

Aliyemfanyia hesabu za ngazi hizo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Shemeji alimwendea ofisini, akamweleza taratibu kwamba elektroni husafiri kama mawimbi. Kwenye ngazi safi, kwa jinsi nyaya zilivyofungwa, mawimbi ya nguzo mbili yanafika juu yakipingana, yanamalizana. Atomi ngeni inachelewesha wimbi la upande mmoja, basi yanaponea chupuchupu. Kwa ufupi, uliokuwa ukipitisha umeme ni ule ule uchafu.

Profesa alimsikiliza huku akizipanga kalamu zake kwa urefu.

"Shemeji," akasema, "hesabu zako si mbaya kwa umri wako. Lakini uchafu haujawahi kumsaidia mtu."

Ngazi safi ikatengenezwa. Waandishi wa habari wakaitwa, mkuu wa chuo akaja na tai mpya, na Profesa akahubiri usafi mpaka mkuu akaanza kuficha kucha zake. Kisha akawasha mtambo. Kipimo kikasoma sifuri. Akazima, akawasha tena, sifuri. Alilaumu swichi, akalaumu nyaya, akamlaumu fundi wa mitambo, mwisho akalaumu pumzi za waandishi. Fundi, aliyechoka kulaumiwa, akachomoa ngazi safi na kuweka ile ya zamani pamoja na takataka zake, kwenye nyaya zile zile. Namba zikapanda mbele ya kamera.

Mwingine angeona haya. Profesa alijifungia ofisini siku kadhaa, akatoka na mhadhara mpya aliouita "Fadhila za Uchafu". Humo alikumbusha ulimwengu jinsi alivyoonya tangu zamani kwamba atomi ngeni zisidharauliwe. Maneno ya shemeji yake aliyameza mazima, mawimbi na yote. Mkewe alipomuuliza kama mdogo wake ametajwa, alijibu kwamba sayansi haina undugu, akaomba aongezewe chai.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Shemeji alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Mambo yalikwenda vizuri, makofi yakapigwa, mpaka mtafiti mmoja mgeni alipouliza atomi ngeni iwekwe nguzo ipi ili umeme upite zaidi. Profesa hakuwa amefika huko katika kusoma. Akakohoa, akavuta koti.

"Ya kulia," akasema.

"Kulia kwa nani?" shemeji akauliza. Hakupandisha sauti. "Ngazi ukiigeuza, kulia inakuwa kushoto. Inategemea nyaya umezifunga nguzo ipi."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka kidogo, akajizuia. Mgeni akageuza kiti chake kumwelekea shemeji na kumuuliza swali la pili, kisha la tatu, naye akajibu yote akiwa ameketi. Profesa alibaki jukwaani akinywa maji.

Haukupita muda shemeji akahamia maabara ya yule mgeni, na hesabu zake akaenda nazo. Profesa bado anazunguka na fadhila za uchafu. Akikaribia habari za nguzo, hutazama saa na kutangaza kwamba muda, bahati mbaya, umekwisha.