Kiroba cha Mihogo ya Jana

Nguruwe wengi walikutwa wamekufa alfajiri, na kabla jua halijapanda askari wa waasi walikuwa wamekwisha kuwakusanya wanawake wa kijitoni mbele ya mabanda ya nguruwe. Florentine alisimama nyuma ya mama mkwe wake, Pulchérie, akijitahidi kutokitazama kiroba kilichowekwa miguuni pa komanda. Kilikuwa chake. Kilikuwa bado kinachuruzika maji.

Mabanda hayo yalijengwa mwaka uliopita, waasi walipokwisha kuuteka mji wa Baraka, ili kulisha kambi zao. Zaidi ya nguruwe mia mbili walifungiwa humo, na mavi yao yalisukumwa kwa maji hadi kijitoni, pale pale wanawake walipolowekea mihogo. Kwanza walikuja nzi. Kisha watoto wakaanza kuharisha, na wawili wakazikwa. Mama mmoja aliyekwenda kulalamika alirudishwa kwa kitako cha bunduki. Kuacha kuloweka hakukuwezekana: mihogo yao ni michungu, isipokaa majini hadi ilainike inaua. Basi wakahamisha viroba vyao kimyakimya, wakaviloweka upande wa juu wa mabanda, kwenye maji safi.

Kila mmoja wao alijua kwamba maji ya kulowekea mihogo humuua mbuzi akiyanywa. Lakini mwaka mzima walikuwa wamewaza uchafu wa nguruwe unaowashukia wao. Hakuna aliyewaza maji yao yanayowashukia nguruwe. Kiangazi kilipokausha kijito, mfereji ulionywesha nguruwe haukuwa na maji mengine ya kuchota ila yale yaliyotoka kwenye viroba.

"Nguruwe zangu haziko ba Mai-Mai, haziko ba serikali," alisema komanda polepole. "Nani amezitilia sumu? Hii kiroba ni ya nani?"

Mtu wa mwisho kushtakiwa kuwasaidia Mai-Mai, wanamgambo waliopigana na waasi, alipelekwa nyuma ya mabanda, na mkewe hakurudishiwa hata shati la kuzika.

Pulchérie akacheka kidogo. "Shefu, nguruwe zako zinakula kunishinda miye. Labda zimekufa na shibe."

Askari wawili walicheka. Komanda hakucheka. Alichomoa muhogo mmoja kirobani.

"Mama muzee, hii ni nini?"

"Muhogo. Chakula yetu."

"Kama ni chakula, kula."

Pulchérie aliupokea bila wasiwasi. Macho yake yalikuwa na ukungu, naye alidhani ni muhogo uliokwisha kulainika. Hakujua kwamba wenzao walikuwa wameopoa yao yote, na kwamba kilichobaki majini ni kiroba alichokitia mke wa mwanawe jana jioni.

Aliuma. Muhogo uliolainika hausikiki menoni. Huu ulisikika kama kuni. Akaacha kutafuna. Aligeuza shingo taratibu, akamtazama Florentine, na Florentine akajua kwamba mzee amejua.

Kisha Pulchérie akaendelea kutafuna. Akameza. Akauma tena.

"Iko mutamu," alisema, midomo ikimtetemeka kwa ule uchungu.

"Maliza yote. Ukibaki muzima, mutarudi kwenu."

Florentine alijua kinachofuata. Alikwisha kukiona kwa mbuzi, na mara moja kwa mtu: kizunguzungu, matapishi, kisha pumzi inatafutwa haipatikani. Akinyamaza, huenda asitambulike kamwe. Mzee aliuinua muhogo mara ya tatu.

"Mama, tema! Iko ya jana!"

Komanda aligeuka.

"Na we umejua namna gani ni ya jana?"

Wanawake waliokuwa karibu na Florentine walijisogeza pembeni, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki amesimama peke yake. Pulchérie alitema kilichokuwa mdomoni, akaketi chini kwenye vumbi, akaanza kulia.

Komanda alikiokota kiroba, akamwekea Florentine mikononi.

"Beba mwenyewe," alisema, akamwonyesha njia ya kwenda nyuma ya mabanda, ambako nguruwe waliosalia walikuwa wakilia njaa.