Namba kwenye Simu ya Baba

Mutheu alikosea kitu kimoja tu: alibonyeza mapema.

Tulikuwa tumepanga vizuri. Yeye, binti wa shangazi yangu, angeketi kwenye saiba, duka la intaneti, pale Mitaboni na kufungua akaunti yangu ya kuchagulia vyuo. Mimi ningekuwa mtoni na Baba. Saa tano na nusu, wakati wa chai, ningemwomba simu kana kwamba nataka kuangalia saa, nisome namba ya siri itakayotumwa, nimpigie Mutheu, tubadilishe kozi. Akaunti niliisajili kwa laini ya Baba, kwa sababu mimi sina simu. Mwisho wa kubadilisha ulikuwa siku hiyo saa sita mchana. Baada ya hapo ningekuwa mwalimu, nipende nisipende.

Saa tano na robo bado nilikuwa nimeshika ncha ya mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mrefu kuliko upana wa mto, umejazwa maji. Baba, Fundi Muindi, alishika ncha ya pili ng'ambo. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, na hapo fundi hujua ukuta wake upite wapi. Ukiachia ncha yako, yanamwagika yote na mnaanza upya. Kati yetu, chini kwenye mchanga mkavu wa mto, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuwa wakichimba msingi. Ukuta ukishasimama huzuia mchanga, na mchanga hutuwekea maji mpaka kiangazi kiishe.

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Baba. Baba hajui kusoma ujumbe kimya kimya.

"Namba yako ya siri ni nne, sifuri, saba..." Akasogeza simu karibu na macho. "Usimpe mtu yeyote. Aa! Wakora wamenifikia!"

"Futa, Fundi!" Kalondu alipaza sauti kutoka shimoni. "Mimi walinitumia kama hiyo, nikawasomea kama somo la Jumapili. Waliniachia kava ya simu peke yake."

Kidole gumba cha Baba kikaanza kutafuta pa kufutia.

"Baba, usifute!"

"Ati nini?"

"Usifute! Ni yangu!"

Ningekuwa karibu ningemnong'oneza uongo wowote. Lakini mto ulikuwa katikati yetu na mpira ulikuwa mkononi. Uongo wa kupigiwa kelele hauna ladha, na wanawake kumi na wanne walikuwa wameinua vichwa.

"Ni ya kubadilisha kozi," nikasema. "Sitaki ualimu. Nataka diploma ya uhandisi wa maji."

Majembe yakasimama.

"Diploma," Baba akarudia. "Nzilani, ulipata C+. Chuo kikuu kinakuita kwa digrii. Unaiacha mezani unaokota diploma?"

"Haijaanguka mahali, Baba. Nimeichagua."

"Aiya!" Nthambi, mwenyekiti wa kikundi, alicheka. "Fundi, huyu umemzaa au umemchonga?"

Baba hakucheka. "Nimebeba mawe miaka ishirini na sita," alisema, na sauti yake ikashuka hadi nikalazimika kutega sikio. "Ishirini na sita, ili mkono wako ushike chaki. Mwalimu anafanya kazi kivulini. Nimeshamwambia kila mtu. Sasa unarudi huku kwa mawe?"

Nilitaka kulia. Badala yake nikasema jambo ambalo tangu mafuriko ya Aprili hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake.

"Ukuta wa mwaka jana haukuvunjika, Baba."

Hapo hata Kalondu aliinamisha kichwa. Ukuta huo aliujenga Baba. Bado umesimama kule chini kwenye kona, mzima kabisa, na mto unapita kando yake.

"Kazi yako ilikuwa nzuri," niliendelea upesi. "Mto ulizunguka kwa sababu hakuna aliyepima ukingo. Hatukujua udongo mgumu unaanzia wapi. Na hapa niliposimama ni vilevile. Ukuta ukiishia kwenye kigingi hiki ulichopigilia, mwakani tutakuja kuutazama kama ule mwingine. Hayo ndiyo nataka kusomea. Mawe najua kubeba tayari."

Baba alimpa Nthambi ncha ya mpira. Alichukua mtaimbo, akavuka mchanga polepole, akapanda kwangu bila kunitazama. Akauchoma mtaimbo kando ya kigingi. Ukazama kama kwenye unga. Akasogea hatua moja, ukazama. Hatua ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano ukagonga na kukataa.

Alirudi kuchoma tena zile nne za kwanza, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ya mwenzake. Halikuwepo.

"Hatua tano," alisema.

"Za kuchimba?" Kalondu akauliza. "Mgongo huu si wa serikali, Fundi!"

Baba akatoa simu. Namba ile ilikuwa ya dakika kumi tu, na dakika kumi zilikuwa zimekwisha zamani. Nikaona saa kwenye kioo: saa sita kasoro dakika kumi na sita.

"Nani yuko huko saiba?"

"Mutheu."

Akapiga. "Wewe Mutheu. Kumbe mkora ni wewe." Tulisikia Mutheu akianza kuomba msamaha. "Nyamaza. Hiyo diploma ni miaka mingapi? Mitatu? Haya, tuma hiyo namba tena."

Ujumbe ulipoingia aliusoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na wanawake walimwitikia kutoka shimoni kana kwamba wanaitwa majina. Kisha akasubiri, simu sikioni, uso umekunjamana.

"Imekubali, mjomba!"

Baba alikata simu. "Sijafurahi," aliniambia.

"Najua, Baba."

"Digrii ulikuwa nayo mkononi."

"Najua."

Alitazama kule chini kwenye kona, kwenye ukuta wake wa mwaka jana. "Ukifika huko, kabla hawajakufundisha lolote, waulize: ukuta uko mzima na mto umehama, unafanywa nini? Unabomolewa, ama unaweza kuongezwa?"

"Nitauliza."

"Na uandike wanachojibu," alisema. "Usiniletee kwa kichwa."