Jina la Karim kwenye Orodha

Pikipiki ya mbele ilikuwa imeshashika mteremko wa Kamembe, Shadia amekaa juu yake, miguu imevimba hata viatu vimekataa kuingia. Zulaikha, mama mkwe wake, alikuwa nyuma kwenye pikipiki ya pili, kitenge na chupa ya maji mkononi, akipiga kelele mpaka koo likamkauka.

"Polepole, Papa! Umebeba batu babili!"

Dereva wa mbele hakusikia. Wa kwake ndiye aliyejibu. "Maman, nikienda polepole utanigombeza, nikienda mbio utanigombeza. Chagua moja."

Zulaikha hakuchagua. Macho yake yalikuwa mgongoni kwa Shadia. Tangu alfajiri binti wa watu alikuwa analalamika kichwa, kichwa, na walipokuwa wanatoka alimuuliza mkwewe kwa nini amewasha taa nyingi namna ile. Taa haikuwa imewashwa hata moja. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua limejaa uani.

Njia nzima alijaribu kuomba dua, na kila mara dua ilimkatikia katikati, kwa sababu mawazo yalikuwa yanarudi kwenye orodha.

Ukisikia habari ya ile orodha utasema ni jambo dogo. Kwa mituweli, ile bima ya afya ya watu wote, halipiwi mtu mmoja mmoja, inalipiwa nyumba nzima. Majina ya nyumba yanaandikwa pamoja, la mkuu wa nyumba juu, wengine chini yake. Nyumba hii mkuu wake alikuwa Zulaikha, mjane, mshona kofia za kudarizi. Chini yake walikuwepo wanawe wawili, Karim mkubwa na Kalisa mdogo.

Karim alivuka daraja kwenda Bukavu, upande wa Kongo, sasa ni mwaka wa nne. Kutoka Bukavu akaingia ndani, Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu. Alipiga simu mara tatu. Ile ya tatu alisema kule mvua ni nyingi, na akirudi atamletea mama yake mashine mpya ya kushonea. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Vita ilipofika Bukavu na watu wakawa wanavuka huku na magodoro kichwani, Zulaikha alikwenda kusimama darajani siku tatu, anaangalia sura moja moja. Karim hakuwemo.

Kaburi hakuna, kisomo hakuna, na habari ya kusema amekufa au yu hai hakuna. Majirani waliacha hata kumtaja, si kwa ubaya, waliona wakimtaja wanamtonesha. Mahali palipobaki ambapo Karim alihesabiwa pamoja na wazima palikuwa kwenye ile orodha tu. Kila mwezi wa saba, mwaka wa mituweli unapoanza, Zulaikha alikwenda kwa Joselyne, mama wa kibanda cha malipo pale sokoni, akalipa, kisha akasema:

"Soma sasa."

"Maman Zulaikha, bamebaki bale bale."

"Wewe soma."

Joselyne anainua simu, anasoma. "Zulaikha. Karim. Kalisa."

"Rudia."

"Zulaikha. Karim. Kalisa. Ah, Maman, wewe! Ungekuwa redio ningekuzima."

Zulaikha anacheka, anarudi nyumbani na mwendo mwepesi, na wiki ile kofia zinatoka nzuri.

Halafu Kalisa akaoa. Alifanya kazi Muganza, kiwandani kwenye saruji, anashinda huko wiki nzima na kurudi Jumamosi. Alimwoa Shadia, binti ya mzee Habumugisha wa Nyakarenzo, mkulima, mtu wa utaratibu sana. Wakafunga ndoa msikitini, wakapewa chumba cha nyuma kwa Zulaikha, na kabla ya mwaka kuisha Shadia akawa na mimba. Vipimo vya mwanzo alivifanya bado akiwa kwenye orodha ya baba yake. Ulipokaribia mwezi wa saba mzee Habumugisha akalitoa jina la bintiye, akatuma ujumbe: binti ni wenu sasa, mwandikeni kwenu. Hakukosea. Kila baba anafanya hivyo.

Ila orodha haifunguliwi na mume. Inafunguliwa na mkuu wa nyumba. Zulaikha akajifunga kitenge kizuri, akaenda ofisi ya kagari, ya serikali ya mtaa, kwa Nzabonimana, yule wanayemwita gitifu, katibu wa pale.

"Karibu, Maman. Nasikia bibi-arusi alishafika. Tumuandike."

"Njo sababu nimekuja."

"Vizuri. Lakini nikifungua orodha, tunahakikisha bote, muntu kwa muntu, kiisha unaweka kidole hapa chini. Wewe, nakuona. Kalisa?"

"Siku za kazi iko Muganza. Jumamosi anakuja."

"Huyo ni wako. Karim?"

Zulaikha akatazama ukuta.

"Maman, Karim analala kwako?"

"Karim ni mutoto yangu."

"Sijauliza kama ni mutoto yako. Nimeuliza analala wapi."

"Alikwendaka Kongo."

"Lini?"

"Atarudi."

Nzabonimana akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Maman, kumutoa kwa orodha si kumuua. Siku atarudi mutakuja naye hapa, dakika tano, namurudisha."

"Wewe ulishazika mutoto, Nzabonimana?"

"Bado. Mungu anisaidie."

"Basi usiniambie dakika tano."

Mwanamke yule hakuwa wa kuapa uongo. Kuweka kidole kwamba Karim analala kwake, ilhali mkeka wake umekunjwa miaka minne nyuma ya mlango, hakuweza. Kumtoa nako hakuweza. Akafanya jambo la tatu, ambalo ni rahisi kuliko yote mawili: alisema atarudi wiki ijayo, akaenda zake. Siku ile ile alipita kwa Joselyne, akalipa orodha ya zamani jinsi ilivyo, majina matatu, na akasomewa.

Jumamosi Kalisa alifika na vumbi lake. "Mama, ulifika kwa kagari?"

"Nilifika."

"Bamemuandika Shadia?"

"Iko inatengenezwa."

Alisema hivyo kichwa kimeinama kwenye kofia, sindano haikusimama hata kidogo. Mbele ya gitifu aliogopa uongo. Mbele ya mwanawe ulimtoka wenyewe. Na Kalisa, mtoto aliyezoea kumwamini mama, akaenda kuoga.

Mwezi wa nane Shadia alikwenda kituo cha afya kupimwa. Akarudi amenuna, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Maman, kwa mashine jina yangu haionekane. Walisema nilete mituweli, ao nilipe yote mwenyewe."

"Ulifanya nini?"

"Nililipa leo. Nilikuwa na ile ya nguo ya mutoto. Walisema nirudi kisha wiki mbili."

"Nitaenda kwa kagari kesho."

"Asante, Maman."

Kesho yake Zulaikha alikuwa na kofia za watu wa harusi. Kesho kutwa mvua ilinyesha. Wiki ikaingia nyingine. Kuna asubuhi mbili alifika mpaka mlangoni kwa Nzabonimana, akaona watu wamepanga mstari, akashukuru kimoyomoyo kwamba mstari ni mrefu, akarudi. Shadia hakumwuliza. Alilelewa vizuri, mkwe akikwambia kesho huwezi kumwambia kesho zimekuwa nyingi. Mumewe naye alikuwa ameambiwa inatengenezwa. Basi zile wiki mbili zikapita, na nyingine juu yake, na hakuna aliyempima tena.

Miguu ilipoanza kuvimba Zulaikha alimtilia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akamkanda mwenyewe kwa mikono yake. "Usiogope. Hata mimi kwa Karim nilivimba hivi. Kidole ukibonyeza kinaacha shimo."

"Kiisha ikaisha, Maman?"

"Kiisha nikazaa. Kilo nne! Walimpokea watu wawili."

Walicheka. Zulaikha alimpenda binti yule, na hilo lisemwe. Alimwekea mapaja ya kuku. Alimkataza kuinua ndoo.

Pikipiki zilifika kituo cha afya. Muuguzi wa zamu siku ile alikuwa Patricie, mama mnene aliyekulia Bukavu, mwenye maneno ya haraka. Alimfunga Shadia mkono kupima presha, akaangalia, akapima tena. Halafu maneno ya haraka yakaisha, akaita mwenzake waandae dawa na kupigia simu ambulansi.

"Mara ya mwisho alipimwa lini?"

"Mwezi wa nane," akasema Zulaikha.

"Sasa tuko mwezi wa kumi! Alikuwa wapi?"

"Jina yake haikuwa kwa mituweli."

Patricie akaangalia kwenye mashine haraka haraka, akatikisa kichwa. "Kweli haiko. Wacha, mambo ya karatasi tutaongea nyuma. Lakini Maman, miezi miwili! Mulikuwa munangoja nini?"

"Tulikuwa tunangoja muntu."

"Muntu gani?"

Shadia kitandani alianza kukaza mikono, meno yakagongana, na Patricie akamsukuma Zulaikha nje kwa bega, si kwa jeuri, nafasi tu ilikuwa ndogo. Ambulansi ilipokuja walimpakia ametulia, macho nusu. Nafasi ndani ilikuwa ya muuguzi mmoja. Mlango ukafungwa.

Zulaikha alisimama pale na kitenge cha Shadia mkononi. Mtu mwingine angekimbilia hospitali. Yeye alipanda pikipiki akasema, "Kwa kagari."

Alikuta mstari. Akaupita wote. Watu walinung'unika, wakamwona uso, wakanyamaza.

"Nzabonimana, fungua orodha. Andika Shadia."

"Maman, kaa kwanza."

"Sikae. Andika."

Akaandika. Kisha akainua macho. "Na Karim?"

"Mutoe."

"Maman..."

"Nimesema mutoe! Unataka niseme mara ngapi?"

Aliweka kidole. Wino ulikuwa mwingi, ukamchafua mpaka kiganja, na hakuufuta. "Itaonekana saa ngapi kwa hospitali?"

"Leo hapana. Labda kesho, kesho kutwa. Njo vile mashine inafanyaka."

Alipofika hospitali alimkuta Kalisa kwenye benchi, nyusi zake bado nyeupe kwa saruji. Walikuwa wamempigia simu kazini, akaomba kubebwa na lori mpaka Kamembe. Alikuwa na karatasi mkononi, ya kuweka sahihi ili wampasue mkewe, na nyingine ya ahadi kwamba ataleta uthibitisho wa bima au atalipa mwenyewe. Zote mbili alikuwa ameshaziwekea sahihi.

"Mama, hapa wanasema Shadia hajaandikwa popote. Hata huko kwao, hata kwetu."

"Ni kweli."

"Ulisema inatengenezwa."

"Leo njo imetengenezwa."

Kalisa alimwangalia, akaona wino kidoleni. Hakuwa mjinga. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ilikuwa juu ya Karim?"

Zulaikha akakubali kwa kichwa.

"Mimi pia ni mutoto yako, Mama."

Daktari alitoka baadaye kidogo, akawaita pembeni. Mtoto alikuwa wa kike. Alitolewa akiwa hana pumzi, na waliyoyajaribu hayakusaidia. Mama yake bado hajitambui, wangoje.

Mtoto alizikwa kabla ya magharibi siku iliyofuata. Kalisa alimbeba mwenyewe kwa mikono miwili, kamfunga kwenye kile kitenge cha Shadia. Zulaikha alibaki nyumbani na wanawake. Wakati wao wanasoma yeye aliutoa mkeka wa Karim nyuma ya mlango, akautandika, akakaa juu yake. Wale wanawake hawakujua ni kisomo cha nani anachokililia.

Shadia alizinduka siku ya nne. Jina lake siku hiyo lilikuwa linaonekana kwenye mashine.

Jicho lake la kushoto halikurudi sawasawa. Anaona, lakini kwa ukungu. Mzee Habumugisha alikuja kumchukua akapumzike Nyakarenzo siku arobaini. Zilipoisha hakurudi Kamembe. Hakugombana na mtu, alisema tu kule hawezi kulala.

Kalisa alimfuata. Sasa wamepanga Giheke, chumba kimoja na sebule. Kwenye orodha yao mkuu wa nyumba ni Kalisa na jina la pili ni Shadia. Bado hawajapata mtoto mwingine. Kalisa huja kumsalimia mama yake sikukuu zote mbili, analeta sukari, anakaa kidogo na kuondoka.

Habumugisha yuko na mashamba yake. Patricie yuko kituo kile kile. Nzabonimana alihamishiwa kagari nyingine.

Karim hakurudi. Hakuna aliyemwona, hai wala vinginevyo.

Zulaikha anashona kofia kwa mashine ile ile ya zamani. Mwezi wa saba uliofuata alikwenda kwa Joselyne, akalipa. Joselyne aliinua simu amsomee kama kawaida. Zulaikha akamwambia aache, jina ni moja tu, na analijua.