Kilichomvimbisha Odeta

Odeta alikuwa mpishi wa harusi, mtaa mzima wa Kawajense ukimfahamu. Lakini mara nyingi akitoka kwenye sherehe, mwili ulimwasha, ukajaa vipele vikubwa, na midomo na kope zikavimba hadi watoto wake wakamwogopa.

Aliacha mayai. Akaacha karanga, kisha migebuka, samaki wa ziwani aliowapenda tangu utotoni. Vipele vikaja vilevile. Mama mkwe alisema ni wapishi wenzake wanamroga. Mumewe, Gervas, alichoka kumwona akiteseka.

"Mama Aline, acha hii kazi. Chakula cha watu kitakuua."

"Nikiacha kupika nitakuwa nani?"

Msimu wa mavuno ulipofika, Odeta alishinda shambani akikata mpunga. Alikula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, basi. Jioni akavimba tena, na safari hii koo likabana. Gervas akampakia kwenye bodaboda, wakakimbilia hospitali.

Sindano ilipomtuliza, daktari Romana alivuta kiti kando ya kitanda.

"Leo umetumia dawa gani?"

"Sijatumia dawa."

Odeta akawaza. Leo hakupika. Basi leo inafanana vipi na siku za harusi? Mgongo! Kuinama kwenye masufuria, kuinama kwenye mpunga. Akainuka ghafla.

"Daktari! Mgongo ukiniuma nameza diklofenaki. Leo nimemeza. Na nikitoka kupika, hivyo hivyo!"

"Si umesema hujatumia dawa?"

"Hiyo tunanunua dukani kama pipi, sikuihesabu!"

Daktari akatabasamu, kisha akakaza uso. "Usiimeze tena, hata kwa kujaribu. Wala ibuprofeni, wala aspirini, ni ndugu zake. Kila hospitali utakayoingia, uwaambie. Chakula utarudia kimoja kimoja, nami nitakufuatilia."

Ngozi ikatulia. Mayai yakapita salama, karanga zikapita. Kwenye harusi ya Rosine, binti wa jirani, Odeta alipandisha majiko juu ya matofali ili asiiname. Wageni walipokwisha kula, akajipakulia mgebuka mzima, akamla mpaka mifupa ikabaki myeupe. Gervas alisimama pembeni, moyo juu.

Asubuhi Odeta akamwamsha. "Baba Aline, nitazame!"

Gervas akamshika mashavu. Yalikuwa laini. Wakaanza kucheka wote wawili, na mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

"Nimeshinda, mama!" Odeta akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.