Siku Tisa za "Amekataa"

Birika lilianza kuimba kabla hakujapambazuka, nikaliondoa motoni upesi lisije likamwamsha mume wangu. Nilikunywa kahawa nikiwa nimesimama, nikapanda baiskeli, upepo wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ukinipiga usoni hadi gerezani.

Sisi wa kamati ya ukaguzi wa gereza hatuhitaji kutoa taarifa. Tunaingia saa tuitakayo, tunaonja chakula cha wafungwa, na tunafungua sanduku la malalamiko ambalo ufunguo wake tunao sisi peke yetu.

Asubuhi ile sandukuni mlikuwa na karatasi moja tu, ya Gerlof wa seli ya kumi na tatu, mtu mwenye sifa ya ugomvi. Hakujisemea yeye. Aliandika: "Mzee Douwe, jirani yangu, hapati dawa za moyo. Wanasema anakataa. Nendeni mkamwone."

Nikaomba daftari la dawa. Siku tisa mfululizo, "amekataa". Chini yake, agizo: kuanzia kesho asipelekewe tena.

"Mzee yule mkaidi, Mama Froukje," alisema Harmen, askari wa zamu. "Naita, kimya. Hata kugeuka hageuki. Nimkabe koo?"

"Hebu nionyeshe unavyomwita, mwanangu."

Akafungua kidirisha cha mlango, akaita jina. Douwe alikuwa ameketi kitandani, ametugeuzia mgongo.

"Umeona?" Harmen akasema, kalamu tayari mkononi.

"Fungua mlango."

Nikaingia, nikasimama mbele ya mzee. Alishtuka, kisha akatabasamu kama mtu aliyepata mgeni wa sikukuu. Akatoa mfukoni kifaa chake cha sikioni, cha kumsaidia kusikia. Betri ilikuwa imekwisha.

"Niliomba nyingine!" akasema kwa sauti kubwa mno. "Wakanijibu, lakini sikusikia walichojibu!"

Kicheko cha Gerlof kikatoka seli ya jirani. "Harmen! Siku tisa unagombana na sikio!"

Uso ulimwiva Harmen kwa aibu. Nimewaona wengi wakijitetea mahali kama pale, yeye hakujitetea. Alizipiga mstari "amekataa" zote tisa daftarini, moja moja, akaandika pembeni "hakusikia", akatia sahihi. Akampigia daktari simu, na wakati wake wa mapumziko akaenda mwenyewe kutafuta betri.

Daktari alimpima Douwe, akasema moyo umechoka lakini tumewahi, akamrudishia dawa. Harmen ndiye aliyezileta. Alichuchumaa ili mzee auone mdomo wake.

"Nisamehe, baba."

"Umezileta, yatosha," Douwe akajibu, akameza.

Nilishukuru kimoyomoyo. Kisha nikapita kwa Gerlof kumpa ahsante yake.

"Usinisifu sana kwenye ripoti, Bibi," akanong'ona. "Utaniharibia jina humu."

"Nitaandika ulichofanya, basi."

Akakuna kichwa, akaona haya kama mwari.

Nilipokuwa naaga, Douwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sasa alikuwa na betri mpya, na sauti yake ilikuwa imeshuka, laini kabisa.

"Mama, siku zote hizo hakuna aliyekuja kusimama mbele yangu. Wiki ijayo uje tena. Hata kama sina la kulalamika, njoo tu."