Besi Iliyosafishwa

Wanamuziki walimwita Besi, kwa ajili ya zile sauti nzito za chini alizowatengenezea, na jina likamganda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro miwili, mwembamba kiasi kwamba mwimbaji mmoja aliwahi kumtania: sauti zote hizo nzito unazitoa wapi, na wewe mwenyewe upepo ukivuma tunakushikilia? Hakuwa na gitaa wala ngoma. Alikuwa na kompyuta, kibodi ndogo ya muziki ya funguo ishirini na tano, spika mbili, na programu ya sinthesaiza, ya kuundia sauti, aliyoijua kama mpishi anavyojua jiko lake. Watu walimletea nyimbo zisizo na miguu, naye akazitia miguu.

Chumba chake cha kazi kilipakana na chumba cha mama yake. Kati yao ulikuwapo ukuta mmoja, tena mwembamba.

Mama alikuwa kwenye mwaka wa tatu wa kusahau. Alisahau kama ameshakula, alisahau njia ya chooni, na siku nyingine alimwita Besi "dada". Kubwa kuliko yote, alisahau kwamba mumewe alishafariki. Marehemu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na presha ilimchukua akiwa kitandani kwake, miaka kumi na moja nyuma.

Mchana mmoja Besi alikuwa anatafuta sauti ya wimbo mpya. Alichukua sauti moja nzito, akaongeza ya pili juu yake, kisha akaishusha ile ya pili kidogo sana, kama unywele. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo hazielewani. Zinasukumana, na besi inapata mtetemo wa taratibu, vuu, vuu, vuu. Akaiacha ilie huku akinywa chai.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amesimama wima, macho yana uhai ambao Besi hakuuona kwa miezi.

"Huyo anakuja," mama akasema. "Lori liko pale konani. Umechemsha maji ya kuoga?"

"Nani anakuja, mama?"

"Baba yako, nani mwingine?"

Besi akafanya kosa la kusema kweli. Mama akapiga ukelele, akakaa chini sakafuni, akamlilia mumewe kama mtu aliyepewa habari saa ileile. Maana kwake ilikuwa saa ileile. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi akawa ameshasahau, lakini macho yalikuwa bado yamevimba, na akauliza ni nani aliyempiga.

Tangu hapo Besi hakusema kweli tena. Ile sauti ikilia, mama akisema "huyo anakuja", yeye anajibu, "Haya, mama, nimeshabandika maji." Na alichogundua ni kwamba siku hizo mama alikula. Mtu aliyekuwa akifunga mdomo kama mtoto mbele ya kijiko sasa alivuta sahani mwenyewe. "Ngoja nile upesi," alikuwa akisema, "asije akanikuta nimekonda, akadhani nilikuwa naumwa." Basi kila mchana, chakula kikiwa tayari, Besi aliingia chumbani kwake, akafungulia zile sauti mbili, akarudi kukaa na mama. Lori likanguruma konani nusu saa nzima. Hakumwambia mtu. Moyoni alijua anamdanganya mzazi wake, ila sahani ilirudi jikoni tupu, na yeye alikuwa amechoka.

Kisha mwenye wimbo, mwimbaji ambaye mjini walimwita Kengele, akapiga simu.

"Dada Besi, wimbo mtamu, lakini huko chini kuna tope. Kiki, ile ngoma kubwa, ikipiga haisikiki. Tuliupiga kwenye spika kubwa za ukumbi, watu wakawa wanaangaliana. Naomba unisafishie. Ijumaa unatoka."

Alikuwa na haki. Kilichompendeza mama ndicho kilichouchafua wimbo. Besi akavaa hedifoni siku mbili mfululizo, asimsumbue mama. Akachuja mngurumo wa chini kabisa, ule ambao sikio haliupati lakini unakula nafasi. Akapanga besi ipishe kila kiki inapopiga, kisha irudi, kama watu wawili wenye adabu kwenye korido. Lakini hedifoni huongopa. Besi haithibitiki mpaka itikise hewa ya chumba.

Alhamisi asubuhi akafungulia spika. Akaanza na besi ya zamani, ili apate kulinganisha. Ikanguruma. Akasikiliza kidogo, halafu akaizima ile sauti ya pili.

Mtetemo ukakoma. Ikabaki noti moja, nyoofu, inaingia na kutoka bila kuacha vumbi. Akaisimamisha, akasikiliza ukimya, akairudisha. Ilikuwa safi. Akatabasamu peke yake, akaegemea kiti, akaucheza wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho, akaucheza tena. Baadaye dakika hizo ndizo zilizomtesa kuliko zote, kwa sababu katika dakika hizo alikuwa na furaha.

Wimbo ulipokwisha mara ya pili, akasikia mtu anaugulia nje.

Mama alikuwa chini ya ngazi za mbele, amevaa gauni lake la maua, kiatu mguu mmoja. Nyonga ilikuwa imevunjika.

"Amezima injini," alisema kwa shida. "Nimesikia amezima. Nilikuwa nakwenda kumfungulia geti."

Hospitali walimfanyia upasuaji. Kaka yake Besi alisafiri kutwa nzima kutoka mji mwingine, akafika na begi mkononi, hata salamu hakutoa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Chumba cha pili."

"Unafanya nini chumba cha pili mama anatoka mpaka nje?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini." Alilirudia neno hilo polepole, kisha akaketi upande wa pili wa kitanda.

Mama alipozinduka hakuwauliza chochote. Siku ya tatu ndipo aliposema, akitazama dari. "Alikuja. Hakunikuta mlangoni. Akageuza."

"Atarudi, mama," Besi akamwambia.

"Mwanamume aliyetoka mbali namna ile, mke hakumfungulia. Arudi kufanya nini?"

Akaacha kula. Manesi walibembeleza, kaka akabembeleza. Besi akakimbia nyumbani kuitafuta besi ya zamani, lakini alikuwa ameihifadhi mpya kwenye faili lilelile, ikaifuta. Ya zamani haikuwapo. Akaitengeneza upya kwa kukisia: sauti ya kwanza, ya pili, unywele mmoja chini, labda unywele na nusu. Akabeba spika moja ndogo mpaka wodini, akaiweka chini ya kitanda, akaifungulia kwa sauti ya wastani. Vuu, vuu, vuu.

Mama akageuza kichwa. Akasikiliza kwa makini, vidole vimeshika shuka.

"Hilo lori la watu," mama akasema, akageuzia uso ukutani.

Wiki ya pili kaka akamchukua. "Kwangu kuna mke wangu, kuna watu mchana kutwa," alisema, na Besi akaanza kukunja nguo za mama. Mama alipandishwa kwenye gari akiwa amefunikwa blanketi. Besi alipoinama kumuaga, mama alimshukuru kwa heshima, kama unavyomshukuru nesi.

Wimbo ulitoka, ukapendwa. Kengele alipiga simu akicheka: "Dada, hiyo besi! Safi kama maji. Nataka nyingine tatu, za namna hiyohiyo." Besi akasema atajaribu. Alikaa mbele ya kompyuta siku nne. Nyumba ilikuwa kimya, spika angeweza kuzifungulia mpaka mwisho, na hakuna noti hata moja aliyoigusa. Siku ya tano akamwambia Kengele atafute mtu mwingine.

Jioni hiyo akampigia kaka.

"Anakula?"

"Anakula kidogo. Mke wangu anamlisha."

"Ananiulizia?"

Huko aliko kaka zikasikika sahani, na mtu akifunga bomba.

"Mtandao wa huku mbovu," kaka akasema. "Nitakupigia."